Kidonda cha ulimi wiki ya saba hakiponi, tumeambiwa ni saratani. Kuna aliyewahi kuona TB ya mdomoni?

MamaNeema_Pasua, Jumapili, saa 3:10 usiku

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba mawazo ya aliyewahi kupitia hili, maana nyumbani kwetu hakulaliki.

Kaka yangu mkubwa ana miaka 46. Alikuwa mwanaapolo, yaani mchimbaji, kwenye migodi ya tanzanite ya Mererani, miaka kumi na miwili akichoronga mwamba, akaondoka kabla ya ule ukuta wa kuzungushia migodi wa 2018. Sasa yuko Kibosho kwenye kihamba cha baba, shamba letu la ukoo, ana migomba yake na ng'ombe wawili. Wiki saba zilizopita alitokwa na kidonda kwenye ulimi, ubavu wa kushoto, pale pale panapogusa gego lake lililovunjika. Wote tulisema ni jino limemkwaruza, litapita.

Halikupita. Zahanati walimpa dawa ya fangasi. Kiliniki moja ya meno hapa mjini wakalisawazisha lile jino, wakampa dawa ya kusukutua na antibayotiki za siku saba. Nafuu ikaja siku mbili tatu, ikaondoka. Jumatano tukaenda mahali pengine, aliyempokea akamwangalia kama dakika tano, akaniita pembeni akasema, "Hii inaonekana ni saratani, jiandaeni." Hakuna kipimo kilichochukuliwa. Jiandaeni tu.

Jana nilimmulika kwa tochi ya simu nikaangalia mwenyewe. Kina ukubwa wa punje ya harage. Si mviringo, kingo zake zimekwenda shoto kulia kama karatasi iliyotafunwa na panya, na katikati pana utando wa njano. Pembeni kuna vidoti vidogo vya njano, vitatu au vinne. Kijiko kikigusa pale anafumba macho. Mtori anausubiri upoe kabisa, halafu anauvuta kwa upande wa kulia kama mtoto. Amekonda, suruali anaifunga kwa kamba.

Wajomba wameshakaa kikao, wanataka ng'ombe wauzwe, na mmoja ametaja kipande cha kihamba. Mama hali chakula.

Sasa jirani yetu, mama mmoja anayefanya kazi ya kujitolea ya afya mtaani, aliposikia alikuwa Mererani akauliza, "Mmempima TB?" Kaka anakohoa, ni kweli, lakini anakohoa tangu enzi za mgodini, sisi tunakiita kikohozi cha shimo. Wajomba walimkatisha pale pale: TB ni ya kifua, ulimi unaingiaje? Mimi neno lile limenikaa. Je, kuna kitu kama hicho kweli?

---

Kijana_wa_Njiro, Jumapili, saa 3:41 usiku

Pole sana dada. Bibi yangu alikuwa na kidonda mdomoni akawa anapaka shubiri na asali asubuhi na jioni, kikafunga. Jaribuni wiki mbili kwanza kabla ya kuuza mali.

---

BabaGlory_Ngaramtoni, Jumapili, saa 4:25 usiku

Dada yangu, pole. Nimesoma maelezo yako mara mbili nikamwamsha mke wangu naye asome. Kipo. TB ya mdomoni ipo, mimi nimeugua.

Naomba niandike kwa urefu kwa sababu kaka yako anapita njia niliyopita mimi, na mimi nilipotezewa miezi minne.

Mimi ni dereva, Hiace, Arusha na Ngaramtoni, na kabla ya hapo Arusha na Moshi. Mwaka huo niling'oa gego la chini kulia kwenye kiliniki moja ya mjini, siitaji. Jino lilitoka vizuri. Shimo ndilo lililokataa kufunga. Kwa kawaida shimo la jino ndani ya wiki mbili tatu nyama inakuwa imeziba juu. Langu mwezi wa kwanza liko wazi, mwezi wa pili liko wazi, ulimi wangu unakwenda pale wenyewe kila dakika, hata nikiwa kwenye usukani. Ndani kulikuwa na nyama laini nyekundu kama chengachenga, ukiigusa inatoa damu. Nikasukutua maji ya chumvi mpaka ladha ya chumvi ikanichukiza. Nilirudi mara tatu, mara tatu nikapewa antibayotiki, kila mara jina jipya. Mara ya mwisho mtu wa duka la dawa akaniongezea vidonge vidogo vyeupe vya kupunguza uvimbe. Nilikuja kujua baadaye vilikuwa prednisoloni, dawa inayoshusha kinga ya mwili. Nilivimeza siku kumi. Baada ya hapo tezi zikatokea chini ya taya, mbili, ngumu, kama mbegu za parachichi changa.

Kukohoa nilikuwa nakohoa. Kidogo, asubuhi zaidi. Nikasema ni vumbi la barabara. Kutokwa jasho usiku nikasema ni blanketi. Mkanda ulisogea matundu mawili nikasema ni jino, sili vizuri. Kila dalili nilikuwa na jibu lake, na kila jibu lilikuwa la kweli nusu. Kikohozi cha shimo cha kaka yako nacho ni jibu la namna hiyo.

Aliyenigundua ni daktari kijana wa kike aliyekuwa bado mafunzoni. Nilikwenda kwa ajili ya taya. Aliangalia mdomo, akashika tezi, halafu badala ya kuandika dawa akakaa chini akauliza, "Baba, unakohoa?" Hakuna aliyewahi kuniuliza. Miezi minne watu wananiangalia mdomo, hakuna aliyeuliza habari za kifua. Akanipeleka picha ya eksirei, akanipa vikopo vya makohozi, na kinyama kidogo kikakatwa kwenye lile shimo. Picha ilionyesha pafu la kulia juu limeharibika. Makohozi yalikuwa na vimelea. Kinyama kilirudi na jibu lilelile.

Nikaanza dawa. Miezi sita: miwili ya mwanzo dawa nne ndani ya kidonge kimoja, minne iliyofuata dawa mbili. Sikulipa hata shilingi kwa dawa. Wiki ya tatu maumivu yakakatika. Mwezi wa pili ulimi ulikwenda pale kwa mazoea ukakuta pamefunga, pako laini. Nilikuwa nimepaki Kilombero, hapa Arusha, nasubiri abiria. Nililia pale pale kwenye kiti.

Kwa hiyo usiuze ng'ombe kesho. Kesho mpeleke hospitali kubwa, na useme maneno haya kwa sauti: kidonda kina wiki saba, alichoronga Mererani miaka kumi na miwili, anakohoa, amekonda. Omba makohozi yapimwe na kinyama kikatwe. Vyote viwili.

Na wewe Kijana wa Njiro, mdogo wangu, najua unasema kwa nia njema. Lakini wiki mbili za shubiri juu ya wiki saba ni tisa. Ikiwa ni TB anazidi kuwaambukiza wa nyumbani, ikiwa ni saratani inazidi kuota mizizi. Hakuna upande ambao kungoja kunamsaidia.

---

MamaNeema_Pasua, Jumapili, saa 5:02 usiku

Baba Glory, shikamoo. Nimekusoma huku natetemeka. Nina maswali. Je, lile jino lilivyosawazishwa lilizidisha ubaya? Na wanangu wanakwenda Kibosho kila wikiendi, wanakula sahani moja na mjomba wao, mdogo ana miaka mitatu. Na huyu aliyesema saratani, tumpuuze?

---

TabibuMeno_K, Jumatatu, saa 12:20 asubuhi

Dada, nafanya kazi ya kinywa na meno mkoa wa Kilimanjaro. Siwezi kusema kaka yako ana nini kwa kusoma hapa, ila naweza kukueleza mambo yanavyokwenda.

Kwanza usimpuuze aliyesema saratani, ila usimkubali bila kinyama. Kidonda cha ubavu wa ulimi kwa mtu mzima kisichopona zaidi ya wiki mbili au tatu lazima saratani ifikiriwe, na ubavuni ndipo saratani ya ulimi inapopenda kuanzia. Kosa ni kutamka neno zito namna ile halafu kumwachia mgonjwa aende nyumbani nalo bila kumkata kinyama. TB nayo inapokuja kinywani, ulimi ndio mahali pa kawaida zaidi, ingawa inaweza kutokea kwenye ufizi, kaakaa, mdomo wa nje, shimo la jino kama la Baba Glory, hata mfupa wa taya. Kingo zilizoliwa kwa chini, utando wa njano, vidoti vidogo pembeni, maumivu makali: hayo yote vitabu vyetu vinayaandika kwenye TB. Saratani mara nyingi kingo zake zimeinuka na ni ngumu ukizibonyeza. Lakini nimeona vya TB vilivyo vigumu kama jiwe. Macho yanadanganya. Kaswende inafanana, jino kali linafanana, baadhi ya fangasi wanafanana.

Kwa nini ni nadra? Kinywa kina ulinzi wake. Mate yanasafisha muda wote na ngozi ya ndani ni nene, haipitishi vimelea kirahisi. Mtu mwenye TB ya mapafu anapitisha makohozi yenye vimelea juu ya ulimi kila siku na wala hapati kidonda. Mpaka patokee mpasuko. Jino lililovunjika likikwaruza mahali pamoja kila anapotafuna, huo ni mlango. Kwa hiyo jibu la swali lako: kusawazisha jino hakukuharibu kitu, kulikuwa sahihi. Kilichokosekana ni kumwita tena baada ya wiki mbili kuangalia. Ukiondoa kinachokwaruza na kidonda hakifungi kwa wiki mbili, sababu si jino peke yake.

Wapo wachache ambao TB inaanzia kinywani bila mapafu kuguswa. Mara nyingi ni vijana au watoto, kidonda hakiumi, na tezi za shingo zinavimba. Kaka yako hafanani na hao.

Habari ya Mererani mtaje daktari mapema. Vumbi la mwamba lina silika. Likiingia mapafuni linaharibu zile chembe zinazomeza vimelea, na mtu anabaki katika hatari ya TB hata miaka mingi baada ya kuacha mgodi. Kuacha kabla ya ukuta hakumtoi kwenye hatari.

Jambo moja la kiufundi, naomba ulishike maana linapotea kila siku. Kinyama kikikatwa huwekwa kwenye fomalini ili kisomwe kwa darubini, na fomalini inaua vimelea. Kikiingia chote humo, huwezi tena kuotesha vimelea vyake maabara. Uliza kwa heshima kama kipande kingine kidogo kinaweza kuwekwa kwenye maji ya chumvi safi ya hospitali kwa ajili ya kipimo cha TB. Vidonda vya kinywani huwa na vimelea vichache, mara nyingine rangi ya maabara haivioni kabisa na kinachobaki kutusaidia ni sura ya chembe zilivyojikusanya. Makohozi ndiyo yanayotoa jibu haraka: mashine ya GeneXpert inachukua kama saa mbili, inasema kama kuna TB na kama vimelea vinasikia rifampisini, yaani kama dawa hiyo kuu ya TB inaviua. Atapimwa VVU pia, hilo hufanywa kwa kila anayeshukiwa TB. Asiogope wala asikatae.

Na hata makohozi yakionyesha TB, kinyama kikatwe tu. Mtu anaweza kuwa na TB kifuani na saratani ulimini kwa wakati mmoja.

---

Ng'ombe_na_Nyasi, Jumatatu, saa 2:15 asubuhi

Nachangia kidogo, mimi ni afisa mifugo upande wa Monduli. Umesema kuna ng'ombe wawili. Ipo TB ya ng'ombe inayoingia kwa binadamu kupitia maziwa mabichi, na inapenda kujitokeza kwenye tezi za shingo na tumboni. Simaanishi ndiyo ya kaka yako. Ila maziwa ya nyumba hiyo yachemshwe mpaka yafure, ya watoto hasa. Huku kwetu nawaambia wazee kila siku, wanasema maziwa yaliyochemshwa hayana ladha.

---

BabaGlory_Ngaramtoni, Jumatatu, saa 7:30 mchana

Dada, marahaba. Nimepumzika kijiweni nikujibu la watoto, maana hili ndilo linaloniuma mpaka leo.

Nilipogundulika, nyumbani walinitengea kikombe. Chekundu, cha plastiki, na sahani yake. Kilikaa kwenye dirisha la jikoni peke yake. Mwanangu Glory alikuwa darasa la pili, akikigusa kwa bahati mbaya bibi yake anamfinya. Yule nesi wa kitengo cha TB alipokuja kututembelea akakiona, akakichukua mbele ya wote akanywea maji. Akatuambia TB haiambukizwi kwa kikombe wala sahani wala kushikana mkono, inakwenda kwa hewa, mtu akikohoa ndani ya chumba kisicho na dirisha wazi. Mama mkwe wangu aliinamisha kichwa. Kikombe kile bado tunacho, tunachotea unga.

Lakini lile lile lililoniweka huru ndilo lililonihukumu. Hewa. Nilikuwa naendesha mwezi wa saba, na Arusha mwezi wa saba unaujua, abiria kumi na wanane wamefunga vioo vyote kwa baridi, na mimi mbele nakohoa. Konda wangu alipimwa akakutwa nayo. Alipona, tuko naye mpaka leo. Abiria sikuwajua, siwezi kumtafuta hata mmoja. Ndiyo maana naandika kila nikiona swali kama lako.

Kwa hiyo wanao wasinyang'anywe sahani. Wapimwe. Yule wa miaka mitatu mtaje kabisa, kwa sababu walio chini ya miaka mitano, wakionekana hawana ugonjwa, wanapewa dawa kinga. Na kaka alale chumba chenye dirisha wazi, akohoe kwenye kitambaa, mpaka majibu yatoke.

Wajomba wakikataa kwenda, waambie wilaya ya Siha pale Sanya Juu ipo hospitali ya Kibong'oto, imekuwa ikitibu kifua kikuu tangu 1926. Unapanda gari Boma Ng'ombe. Wazee wa Uchagani wanaijua, wengi wana ndugu aliyelazwa kule zamani. Jina hilo linaweza kuwasogeza kuliko maneno yangu na yako.

---

MamaNeema_Pasua, Jumatatu, saa 2:50 usiku

Leo tumekwenda. Nilitaja yote kama mlivyoniambia, Mererani nikaisema kabla hata ya kukaa. Daktari aliinua kichwa pale pale. Makohozi yamechukuliwa, eksirei imepigwa, kinyama wamekata vipande viwili, nimeuliza habari ya fomalini na fundi wa maabara akasema, "Mama, nani kakufundisha?" Kaka hakulalamika sindano ya ganzi. Akaniambia njiani hajawahi kuona mtu anamuuliza kuhusu shimo la mgodini tangu atoke.

---

MamaNeema_Pasua, baada ya siku 19

Ndugu zangu, narudi na majibu.

Makohozi yalitoka siku ya pili: TB ipo, na inasikia rifampisini. Picha ikaonyesha mapafu yote mawili yana makovu ya vumbi na juu kushoto pana ugonjwa. VVU hana. Dawa zilianza siku ile ile. Asubuhi ya kwanza mkojo ulitoka wa rangi ya chungwa, akapiga kelele mpaka mama akakimbilia mlangoni, kumbe nesi alishamwambia kwamba ni dawa na yeye hakusikia.

Kinyama kimechelewa, kimetoka juzi. Hakuna saratani. Wameandika chembe zimejikusanya kwa namna ya kifua kikuu. Daktari aliisoma kwa sauti mara mbili kwa ajili ya mjomba mkubwa, ambaye safari hii alikuja mwenyewe amevaa koti lake la kanisani.

Kidonda nimekimulika jana kwa tochi ile ile. Utando wa njano umekwisha, pamebaki pekundu, na ukubwa umeshuka kama punje ya choroko. Amekula ndizi zilizopondwa, vuguvugu, kwa pande zote mbili za mdomo. Bado anakohoa. Wamesema kikohozi cha vumbi hakitaondoka chote, mapafu yale hayarudi yalivyokuwa, na hilo tumelipokea.

Ng'ombe wapo, maziwa tunachemsha. Neema na wenzake wamepimwa, hawana ugonjwa. Mdogo ameanza dawa kinga jana, anaitema. Mwenye mbinu ya kummezesha mtoto wa miaka mitatu aniambie.

---

BabaGlory_Ngaramtoni, baada ya siku 19, saa 3:15 usiku

Mungu ni mwema dada. Muulize kwanza nesi wa TB kama kidonge kinaweza kusagwa. Akikubali, saga kati ya vijiko viwili, changanya na maji kidogo sana, kijiko kimoja tu asishindwe kumaliza. Wa kwetu tulimpa asubuhi kabla hajala, ameketi mapajani, na tukambana mashavu taratibu mpaka ameze. Na mwambie kaka asiache mwezi wa pili akijiona amepona, wengi huachia pale. Namba ya kadi yake ya TB iandike mahali pawili.